Kuchunguza Vifo vya Mifugo kwa Skani: Mwongozo Kamili, Kutoka Mzoga Hadi Ripoti

Mnyama akifa ghafla, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kisu. Kisu hakina mbadala, ila kina tabia moja: kikishapita, hakuna kinachobaki kama kilivyokuwa. Hewa iliyonaswa kifuani hutoka ubavu wa kwanza unapofunguliwa. Pingili ya shingo iliyoteguka hurudi mahali pake au huharibika kichwa kinapokatwa. Damu iliyotuama tumboni humwagika na kuchanganyika kabla ya yeyote kujua ilianzia wapi. Skani ya CT, yaani eksirei inayozunguka mwili na kompyuta inayotengeneza picha za vipande vyake vya ndani, huyaona haya yote mzoga ukiwa haujaguswa, na picha hubaki hata miaka mingi baadaye, mtu mwingine akitaka kuzitazama upya.

Skani hiyo hiyo haioni bakteria wala sumu, haioni rangi ya ini, haisikii harufu. Magonjwa mengi yanayoua mifugo kwa wingi hayaachi alama yoyote kwenye picha. Anayetegemea CT peke yake atatoa ripoti nzuri za mivunjiko na ripoti tupu za karibu kila kitu kingine. Kwa hiyo kazi hupangwa hivi: skani kwanza, kisu baadaye, na picha ndizo zinazokiambia kisu kianzie wapi.

Anza na swali

Kabla ya kuomba nafasi kwenye mashine, andika sentensi moja: unataka kujua nini? Skani hufaa sana pale swali linapohusu mifupa, hewa iliyo mahali pasipo pake, damu iliyovuja kwa wingi, vitu vilivyomezwa, risasi, majeraha ya kung'atwa, na vichanga waliokufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Hufaa pia kesi inapoelekea mahakamani au kwa bima, maana picha ni ushahidi ambao upande wa pili unaweza kuukagua wenyewe.

Haifai kuwa kipimo cha kwanza pale kundi linapokufa mmoja baada ya mwingine bila jeraha, wanyama walipobadilishiwa malisho juzi, au kunapokuwa na dalili za sumu. Kondoo aliyenona na kufa usiku kwa sumu ya bakteria wa utumbo ataonekana kwenye CT kama kondoo aliyekufa, basi. Huyo anahitaji sampuli ya utumbo na ya mkojo ndani ya saa chache, na kila saa inayopotea kwenye foleni ya skani inapunguza thamani ya sampuli hizo.

Kusanya historia kwa maandishi: umri, uzito, mimba, chanjo, chakula cha siku tatu za mwisho, dawa alizopewa, alionekana hai mara ya mwisho lini, alikutwa amelala upande gani. Hilo la mwisho watu hulidharau. Utaliona umuhimu wake tutakapofika kwenye mapafu.

Kimeta kabla ya chochote

Mzoga uliovimba upesi, usiokakamaa, wenye damu isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, hausafirishwi na haufunguliwi. Hata pasipo dalili hizo, kifo cha ghafla cha ng'ombe, kondoo au mbuzi mahali ambapo kimeta hutokea kinahitaji slaidi ya damu kwanza. Toboa mshipa wa sikio kwa sindano, paka tone jembamba kwenye kioo, liache likauke, kisha lipakwe rangi ya bluu ya methilini ya aina inayotumika kwa kimeta na kutazamwa kwa hadubini: vijiti vya buluu vilivyozungukwa na gamba la rangi ya waridi. Ziba tundu la sindano kwa pamba yenye dawa. Kwa nguruwe damu ya sikio inaweza kuonekana safi hata kama ana kimeta, kwa sababu mara nyingi ugonjwa hukaa kooni. Chukua maji ya uvimbe wa shingo.

Kuna kishawishi cha kusema kwamba CT ndiyo njia salama ya kuchunguza mnyama wa kimeta, kwa vile haifungui mzoga. Mashine haimfungui, kweli, lakini gari, meza na sakafu vyote vitapata maji yanayotoka mwilini, na bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hutengeneza mbegu zinazodumu ardhini kwa miongo. Kimeta kikishukiwa, mzoga unabaki ulipo na mamlaka ya mifugo inaarifiwa.

Tahadhari kama hiyo inahusu mimba zilizotoka. Kitoto kilichotupwa na kondo lake vinaweza kubeba brusela, homa ya Q au homa ya Bonde la Ufa, na yote matatu huambukiza watu. Hivi husafiri kwenye chombo kigumu kisichovuja, na anayevipokea anaambiwa mapema.

Mashine ipi, kwa mnyama yupi

CT za kawaida za hospitali zina tundu la kipenyo cha sentimita 70 hadi 80, na meza zake nyingi hubeba kati ya kilo 200 na 300. Soma kibao cha mashine yenyewe. Usikisie, maana meza ikipinda kwa uzito matengenezo yake ni makubwa. Mbuzi, kondoo, ndama, nguruwe wengi na kuku huingia bila taabu. Ng'ombe mzima wa kilo 500 haingii, labda kwenye vituo vichache vya mifugo vyenye meza maalumu.

Jambo lisiloandikwa kwenye kibao ni kwamba eneo ambalo picha hutengenezwa ni dogo kuliko tundu. Kwa mashine nyingi ni duara la sentimita 50. Nguruwe jike mnene anaweza kupita kwenye tundu huku mbavu za nje zikikatika pembezoni mwa picha, na karibu na ukingo huo namba za uzito wa tishu hazitegemeki. Pima upana wa mzoga kwa utepe kabla ya kuuinua.

Kwa ng'ombe mzima, kata sehemu unayoihitaji. Kichwa na shingo ya juu, kiganja cha mguu, au kiungo chote vinaweza kuskaniwa peke yake, mradi ukumbuke kwamba hewa itakayoonekana kwenye mishipa karibu na mkato imeingia kwa mkato huo. Eksirei ya kubebeka nayo ina kazi yake. Haina nguvu ya kupenya tumbo la fahali, lakini miguu, taya na shingo inayaweza. Kwa msumari unaoshukiwa kutoboa tumbo la pili kuelekea moyoni, njia ya haraka ni kulitoa tumbo hilo wakati wa kupasua, kulifunga kwenye mfuko wa plastiki na kulipiga eksirei juu ya bamba. Dakika chache, na waya wa sentimita mbili ambao vidole vingeupita mara kumi unaonekana wazi.

Altrasaundi husaidia kufuata maji na kuongoza sindano, ila gesi ya kuoza huizima kabisa. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku yenye nguvu, ni bora kuliko CT kwa ubongo, uti wa mgongo na misuli, ingawa mwonekano wake hubadilika kadiri mzoga unavyopoa, hivyo usiusome mzoga wa baridi kwa macho ya mnyama aliye hai. Hatari ya MRI ni chuma. Ng'ombe wengine wamemezeshwa sumaku ili kunasa misumari, wengine wana vidonge vizito vya madini tumboni. Piga eksirei au CT kwanza. Sumaku ya tumboni ikiingizwa chumba cha MRI inaweza kuvutwa kwa nguvu ya kutoboa mwili.

Kuhifadhi na kufungasha

Tumbo kuu la mnyama anayecheua haliachi kuchachua chakula kwa sababu mwenyewe amekufa. Linaendelea kutoa gesi na joto, na manyoya ya kondoo huufungia joto hilo ndani. Ndiyo maana kondoo wa saa 12 kwenye jua anaweza kuwa ameharibika kuliko nguruwe wa siku mbili kwenye jokofu. Weka mzoga kwenye nyuzi 4 za Selsiasi mapema iwezekanavyo na uskani ndani ya saa 24. Kama hakuna chumba cha baridi, kivuli na mifuko ya barafu iliyobanwa kwenye tumbo na makwapa husaidia kidogo, na saa zinazobaki ni chache.

Usigandishe. Barafu ni nyepesi kuliko maji kwa takriban asilimia 8, hivyo tishu iliyoganda huonekana nyeusi zaidi kwenye CT na inaweza kudhaniwa ni uvimbe wa maji au tishu iliyokufa. Mzoga ulioganda nusu ni mbaya zaidi: ukingo wa barafu ndani ya ubongo hufanana na ugonjwa. Kisha seli zikipasuliwa na barafu, maabara ya tishu haina cha kusoma.

Kabla ya kufunga mfuko, fanya uchunguzi wa nje na upige picha za kawaida. Usioshe. Piga brashi udongo mkavu, kwa sababu mchanga na vijiwe kwenye manyoya hung'aa kwenye picha kama vipande vya mfupa au risasi. Toa hereni za masikio za chuma na zile za kielektroniki kama sheria za utambulisho zinaruhusu, na uandike namba zake. Zikibaki, zitatoa miale inayofunika fuvu. Kamba, mnyororo na kengele vivuliwe, lakini kamba iliyokaza shingoni kwenye kesi ya kunyongwa iachwe ilivyo hadi baada ya skani.

Kunja miguu mapema. Mzoga ukikakamaa miguu ikiwa imenyooka hautapita kwenye tundu, na kuilazimisha kunachana misuli na huweza kuvunja mfupa mwembamba wa kichanga. Kama umechelewa, subiri ukakamavu uachie. Kisha mifuko miwili isiyovuja, mmoja ndani ya mwingine, zipu za plastiki, kitambaa cha kunyonya maji chini, pamba puani, mdomoni na kwenye njia ya haja kubwa. Beba kwa machela. Mnyama anayeburutwa kwa mguu mmoja hadi kwenye gari huwasili na mivunjiko ambayo itakula saa ya mtu kuieleza.

Kumlaza na kuijaza kompyuta

Hapa ndipo kosa linalorudiwa zaidi hutokea. Programu ya mashine ya binadamu inauliza mgonjwa amelala vipi: chali au kifudifudi, kichwa kwanza au miguu kwanza. Ukichagua tofauti na ukweli, kushoto na kulia hubadilishana kwenye picha zote, na hakuna onyo litakalotokea. Bandika kipande kidogo cha chuma, mathalani washa ya bolti, upande wa kushoto wa mzoga kwa utepe, na ukiandike kwenye fomu. Kwa wanyama wanaocheua kuna ukaguzi wa bure: tumbo kuu liko kushoto. Likitokea kulia, simama urekebishe kabla ya kusoma chochote.

Lalisha mzoga upande ule ule aliokutwa amelala. Ukimgeuza, maji huru yatahama, na ramani ya damu iliyotuama itakuwa na tabaka mbili zinazokuchanganya. Nyoosha uti wa mgongo kwa sifongo, si kwa mifuko ya mchanga, maana mchanga unang'aa.

Kuipanga mashine

Maiti haina hofu ya mionzi, haipumui na haitikisiki. Tumia uhuru huo. Bomba la eksirei liwe kwenye kilovolti 120, au 140 kwa mnyama mnene. Mkondo wa mAs (miliampea kwa sekunde) 250 hadi 400 kwa kiwiliwili. Mwendo wa meza wa polepole, kigezo chake (pitch kwenye mashine) kiwe chini ya 1. Kikwazo ni joto la bomba: skani ndefu ya nguvu nyingi inaweza kulifanya bomba lisimame katikati. Gawa mwili sehemu mbili, zikipishana kwa sentimita 5 au zaidi, badala ya kupunguza ubora.

Tengeneza vipande vya picha vyenye unene wa milimita 1 au pungufu, mara mbili: kwa kichujio cha tishu laini na kwa kichujio cha mfupa. Kisha rudia kichwa peke yake kwa eneo dogo la sentimita 20 hadi 25, maana kichwa cha mwanakondoo kilichochukuliwa kwenye eneo la sentimita 50 hakina undani wa kutosha kuona ufa wa fuvu.

Andaa nafasi ya kuhifadhi. Kipande kimoja ni takriban nusu megabaiti. Kondoo wa sentimita 120 kwa vipande vya milimita 1 ni vipande 1,200, yaani karibu megabaiti 600 kwa kila kichujio. Hifadhi kwa DICOM, muundo wa faili za picha za tiba. Picha za JPEG ni za kuweka kwenye ripoti tu. Huwezi kupima chochote ndani yake.

Kusoma: kwanza ondoa yale ya kifo

Kila nukta kwenye picha ina namba kwenye kipimo cha Hounsfield, kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack. Hewa ni −1000, maji ni 0. Mafuta huwa kati ya −120 na −60, mapafu yenye hewa kati ya −900 na −600, maji ya uvimbe na usaha mwepesi kati ya 0 na 30, misuli 40 hadi 60, damu 40 hadi 70 na ikiganda zaidi kidogo, mfupa kuanzia 300 kwenda juu. Kipimo cha kawaida huishia 3,071, hivyo risasi ya chuma na ya madini mengine zote zitasomeka namba ile ile ya juu. Usitaje aina ya metali kwa namba hiyo.

Tumia madirisha manne, yaani mipangilio ya mwangaza wa picha kwa namba hizo, kwa kila mzoga bila kuruka: mfupa (kitovu 500, upana 2,000), tishu laini (40, 400), mapafu (−600, 1,500) na ubongo (40, 80). Anayesoma dirisha moja la tishu laini hukosa hewa iliyozunguka pafu, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyokiriwa.

Sasa mabadiliko ambayo si ugonjwa. Gesi ya kuoza huonekana mapema kwenye mishipa ya ini, kwa sababu ini linapokea damu ya utumbo, kisha moyoni na mwili mzima. Husambaa pande zote karibu sawasawa. Gesi iliyojazana ndani ya misuli ya paja moja, mishipa ya ini ikiwa bado safi, ni jambo tofauti: hapo fikiria chambavu, ugonjwa wa bakteria wanaooza misuli, na kisu kiende moja kwa moja kwenye paja hilo. Mzoga wa siku mbili haukupi nafasi hiyo, kwani bakteria wa jamii hiyo husambaa wenyewe baada ya kifo.

Damu ndani ya moyo na mshipa mkuu hutengana, chembe chini na maji juu, ikaacha mstari wa mlalo ulionyooka. Si bonge. Ubongo hupoteza tofauti kati ya sehemu yake ya kijivu na nyeupe. Chakula cha tumboni hurudi hadi kooni na kwenye bomba la hewa mnyama akibebwa kichwa chini. Usiandike kwamba alikabwa na chakula kwa sababu tu kimeonekana kwenye bomba. Ili kusema hivyo unahitaji kukiona ndani kabisa kwenye vijibomba vidogo, na maabara ya tishu ionyeshe kwamba mapafu yalikuwa yameanza kujibu.

Tumbo kuu lililojaa gesi ndilo mtego mkubwa kuliko yote. Karibu kila mnyama anayecheua huvimba baada ya kufa, na picha haitofautishi uvimbe uliomuua na uliomfuata. Jibu lipo kwenye umio, na linahitaji macho: kwa aliyekufa kwa kujaa gesi, umio wa shingoni huwa mwekundu kwa damu na wa kifuani mweupe, mpaka ukiwa mahali pa kuingilia kifua. CT ikikuonyesha kiwambo (kinachotenganisha kifua na tumbo) kilichosukumwa mbele na mapafu yaliyobanwa, andika hivyo tu, kisha agiza umio ufunguliwe wote kwa urefu.

Mapafu

Damu hutuama upande wa chini. Mnyama aliyelalia ubavu wa kushoto atakuwa na pafu la kushoto zito, na uzito huo hupungua taratibu kwenda juu bila kuheshimu mipaka ya sehemu za pafu. Nimonia ya wanyama wanaocheua kwa kawaida hukaa mbele na chini, ina mipaka inayofuata sehemu za pafu, na mara nyingi vijibomba vyenye hewa huonekana kama matawi meusi ndani ya tishu nzito. Tatizo ni mnyama aliyekufa akiwa amelalia kifua: kutuama na nimonia vinakaa mahali pamoja. Hapo mgeuze uskani mara ya pili. Maji huru kifuani yatahama, nimonia itabaki ilipo. Damu iliyotuama kwa saa nyingi nayo haihami, kwa hiyo jaribio hili linakuondolea swali moja, si mawili.

Hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua ni eneo ambalo CT hushinda kisu waziwazi. Itafute mbavu zilizovunjika jirani yake.

Vichanga

Kwa wanakondoo, ndama na watoto wa nguruwe, skani hulipa zaidi kuliko kwa mnyama mwingine yeyote, kwa sababu maswali ni machache na mengi yana jibu la kuonekana. Fuata mpangilio.

Je, alipumua? Mapafu yasiyowahi kupata hewa huwa mazito kama misuli, na tumbo halina gesi. Mapafu yenye hewa pamoja na gesi tumboni huashiria kupumua, isipokuwa mtu alimpulizia kumwokoa, au mzoga umeoza. Tazama mishipa ya ini. Kama ina gesi, swali hili lifunge bila jibu.

Je, uzazi ulikuwa mgumu? Kichwa na shingo vilivyovimba maji chini ya ngozi, ulimi mnene, mbavu zilizovunjika mfululizo mahali pamoja, damu tumboni kutokana na ini lililopasuka. Kwa ndama aliyevutwa kwa nguvu, kagua pingili za mgongo pale kifua kinapokutana na kiuno, kisha mifupa ya miguu ya mbele juu ya kifundo, mahali kamba ilipofungwa, na fupa la paja. Mvunjiko uliotokea akiwa hai una tishu nene iliyojaa damu pembeni yake. Usio na chochote pembeni huenda ulitokea baada ya kifo, au sekunde chache kabla.

Je, alinyonya? Maziwa yaliyoganda kwenye tumbo la nne huonekana kama mabonge, na vipovu vya gesi huwa vimefika utumbo mwembamba. Tumbo tupu kwa kichanga aliyepumua hukupeleka kwenye njaa na baridi, lakini uthibitisho wake ni wa kisu: mafuta yanayozunguka figo na moyo yamegeuka mekundu na laini kama utelezi, badala ya meupe na imara. CT haioni rangi. Angalia pia kwato: zile tando laini za chini zikiwa zimechakaa, alisimama akatembea.

Kuvuja damu kidogo kuzunguka ubongo na uti wa mgongo ni jambo la kawaida kwa wanakondoo waliozaliwa kwa shida, na CT hukosa sehemu kubwa ya huko. Fuvu lifunguliwe hata kama picha ni safi.

Majeraha na nguruwe wakubwa

Mnyama aliyeliwa na mbwa au mnyama wa porini si lazima aliuawa naye. Fuata damu: matundu ya meno yenye uvimbe wa damu chini ya ngozi na misuli iliyochanika shingoni yalipatikana moyo ukiwa unapiga. Mwili uliotafunwa bila damu ndani ya tishu uliliwa ukiwa maiti. Pima umbali kati ya matundu kwenye picha ya pande tatu, lakini usimtaje mnyama kwa kipimo hicho peke yake.

Nguruwe jike akifa ghafla, tafuta damu au maji tumboni, sehemu ya ini iliyojisokota na kuvimba, tumbo au wengu uliohama mahali pake, utumbo uliojizungusha kwenye shina lake. Nguruwe aliyepigwa na umeme anaweza kuwa na mivunjiko ya pingili, nyonga au fupa la paja kwa kukaza kwa misuli yake mwenyewe, bila alama ngozini. Ukiona mivunjiko hiyo pande zote mbili bila historia ya kuanguka, fundi umeme aende bandani kabla ya mnyama mwingine kuingizwa.

Kuna mbinu ya kusukuma dawa ya kung'arisha mishipa baada ya kifo. Inawezekana, lakini huhitaji pampu, muda na mzoga mbichi sana. Kwa mifugo ya kawaida iache.

Kutoka picha hadi kisu

Msomaji wa picha na mpasuaji wakae pamoja, au wazungumze kwa simu, kabla ya kisu kuanza. Orodha iwe fupi na ya vitendo: toboa kifua cha kulia kwa sindano kwanza, usitenganishe kichwa na shingo hadi misuli ya nyuma iondolewe, kuna waya sentimita 4 kushoto mwa kiwambo, vaa glavu nene.

Sampuli za maji ya jicho zichukuliwe baada ya skani, si kabla, sindano isije ikaingiza hewa utakayoisoma kama ugonjwa. Maji hayo hudumu kuliko damu na yanafaa kupima magnesi na naitreti. Pima pia tindikali ya tumbo kuu mara linapofunguliwa. Vipande vya tishu visizidi unene wa sentimita 1, ndani ya formalini ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wao. Kipande kinene huoza katikati huku nje kikiiva. Sampuli za bakteria zitangulie kabla ya utumbo kuguswa, na zisitiwe formalini.

Kama kichaa cha mbwa kinashukiwa, kichwa hakifunguliwi kwa msumeno wa umeme, wala na mtu asiyechanjwa, hata picha iwe imeonyesha nini.

Ripoti na usafi

Andika ripoti ya picha kabla ya kujua kilichopatikana kwa kisu, uitie saa na sahihi, halafu usiibadilishe. Marekebisho yaende kwenye ukurasa wa nyongeza. Tenga mafungu matatu: kilichoonekana bila shaka, kinachowezekana, na ambacho kipimo hiki hakiwezi kukiona. Fungu la tatu ndilo wanasheria na wafugaji wanalolihitaji zaidi, na ndilo linalosahaulika. "Hakuna kilichoonekana kwenye CT" si sawa na "hakuna ugonjwa". Kwa kesi za kisheria, andika nani aliupokea mzoga, saa ngapi, mfuko ulifungwa kwa lakiri namba gani, na nani aliufungua.

Mashine inayotumika pia kwa wagonjwa walio hai ipokee mizoga mwisho wa siku. Meza ifunikwe plastiki, mfuko usifunguliwe chumbani kwa sababu yoyote, na baada ya kuondoka vifutwe kwanza uchafu wote, kwani dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya damu na kinyesi. Kisha pakaa dawa na uiache muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kufuta. Sehemu inayosahaulika ni reli za meza ndani ya tundu, pale maji ya mzoga yanapodondokea meza inapoingia. Tumia tochi.